Mtwa Mkwawa wa Kalenga

Msafiri atokaye pwani kwa barabara kuu hufika kwanza Ipogolo, chini ya mlima, karibu na maji ya Ruaha Mdogo. Ndipo apandapo kwenda Iringa mjini. Akiupita mji na kushika njia ya magharibi, mwendo wa kilometa kama 15, atafika Kalenga. Ni kijiji kidogo. Watu wake hulima mahindi, hufuga ng'ombe na mbuzi, na wazee wakikutana njiani husalimiana kwa Kihehe, Kamwene, kama walivyosalimiana babu zao. Asiyejua habari za mahali hapo atapita asigeuze shingo. Na si mbali na Kalenga, huko Tosamaganga, lasimama kanisa la kale ambamo wengi wa wazazi wetu na wazazi wao walipata ubatizo.

Katika kitabu hiki cha jubilei wenzetu wameandika habari za mapadre, za mabruda, na za walimu wa kwanza. Sisi tumechagua kuandika maisha ya mtu ambaye hakubatizwa, na ambaye mwisho alijiua kwa mkono wake mwenyewe. Twajua wako watakaouliza kama jina la mtu huyo lafaa kuchapwa katika kitabu cha Wakristu. Twaona lafaa. Kalenga na Tosamaganga ni majirani, na hawezi mtu kueleza jinsi kanisa lilivyofika katika nchi hii akinyamaza juu ya ngome iliyovunjwa muda mfupi kabla yake.

Jina lake kamili lilikuwa Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, wa ukoo wa Mwamuyinga. Wadachi, yaani Wajerumani, walilikata jina hilo wakaliandika kwa namna zao, na watu wa pwani nao wakalitamka kama walivyoweza, hata likabaki Mkwawa. Alizaliwa Luhota, yapata mwaka 1855. Mtwa ni neno la Kihehe, nalo ni jina la heshima la mtawala. Hata leo mtu akisema Mtwa bila kuongeza neno, mjini Iringa hakuna aulizaye ni yupi.

Babaye, Munyigumba, ndiye aliyezikusanya koo nyingi ndogo za nchi ya juu zikawa taifa moja. Kabla yake kila ukoo ulikuwa na mkubwa wake na mipaka yake. Munyigumba alipigana na Wasangu wa Merere akawasukuma kutoka katika nchi yao, akapigana na Wangoni waliotoka kusini. Alipofariki, mwaka 1879, jengo lake lilikuwa bado bichi. Mtu mmoja aitwaye Mwambambe, aliyekuwa karibu sana na nyumba ya mtawala, alitaka kiti kwa nguvu, watu wa nyumba ile wakauawa, na kijana Mkwavinyika akakimbizwa Ugogo ili aokoke.

Hakukaa huko siku nyingi. Alirudi, akakusanya watu wa babaye, akamfukuza Mwambambe. Naye Mwambambe akarudi tena na wapiganaji aliowapata ugenini. Wakakutana mahali ambapo tangu siku ile paitwa Ilundamatwe. Wanaojua Kihehe hawahitaji kufasiriwa: matwe ni vichwa, na mahali hapo ni pale vilipolundikwa vichwa. Mwambambe alikufa hapo, na Mkwavinyika akawa Mtwa pasipo mpinzani. Msomaji na alishike jina hilo, kwa maana habari ya kichwa itarudi.

Vita vya Wangoni viliendelea mpaka 1882, wakati pande mbili zilipochoka na kupatana. Baada ya hapo nguvu za Mkwawa zilienea kaskazini na mashariki. Alitawala njia za misafara, na wafanya biashara wa pwani waliopita kwa pembe na nguo walilazimika kumpa hongo. Wapiganaji wake waliingia Usagara, Ugogo na Ubena, wakatwaa ng'ombe na watu. Hatutaki kuficha jambo hili. Wajukuu wa wale waliotekwa wako miongoni mwetu, nao huketi nasi katika viti vya kanisa moja. Na wale wa Usagara wangeandika maisha haya kwa wino mwingine. Alikuwa mkali hata kwa watu wake mwenyewe, na aliyekosa mbele yake aliweza kufa kabla ya jua kuchwa. Hata hivyo, chini yake mtu wa Uhehe aliweza kulala usiku pasipo kuogopa Mngoni, na jambo hilo halikuwa dogo katika miaka ile.

Mwaka 1887 alianza kujenga ukuta wa mawe kuizunguka Kalenga, na kazi hiyo ilichukua miaka 4. Ukuta ule uliitwa Lipuli, nao ulipita kimo cha mtu. Katika nchi ambapo maboma yalikuwa ya miti na miiba, watu walistaajabu. Boma la namna hiyo kwa Kihehe ni lilinga, na kutoka neno hilo wageni walipata jina Iringa. Kwa hiyo Iringa ya kwanza ilikuwa Kalenga yenyewe, na mji wa leo juu ya mlima ulichukua jina lake baadaye. Hata Tosamaganga, jina ambalo maana yake ni kutupa mawe, wazee wengine hulifunganisha na ujenzi wa ukuta huo, wakisema mawe yaliyokuwa yakichukuliwa kwenda Kalenga yalitupwa pale. Basi yamkini jina la misioni yetu lilitoka katika kazi ya Mkwawa kabla ya padre yeyote kulitamka.

Wadachi walikuwa wamekwisha kushika pwani. Mwaka 1891 walimtuma Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, aende Uhehe kumtiisha Mkwawa. Alikuja na askari zaidi ya 300, wapagazi wengi, mizinga, na bunduki za Maxim. Njiani vijiji vilichomwa moto. Zelewski hakuwaogopa watu wa mikuki na ngao, wala hakutanguliza wapelelezi wa kutosha mbele ya msafara wake, na huo ulikuwa ndio upotevu wake.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, msafara ulikuwa ukipita Lugalo, mahali penye mawe makubwa na vichaka, mashariki ya Iringa ya leo. Askari walikwenda mmoja nyuma ya mwenziwe, na mizinga ilikuwa imefungwa juu ya punda. Wahehe walikuwa wamejificha kando ya njia, na Mpangile, ndugu yake Mkwawa, ndiye aliyewaongoza. Walitoka wote pamoja. Wengi wa askari hawakupata nafasi ya kutia risasi hata mara mbili. Vita vyenyewe havikuchukua muda mrefu kuliko Misa ndogo ya asubuhi, na vilipokwisha, Zelewski alikuwa amekufa, pamoja na Wazungu wengine 9 na askari wapatao 250, bila kuhesabu wapagazi. Bunduki zapata 300 na mizinga vilichukuliwa Kalenga. Wahehe nao walipoteza watu zaidi ya 60 papo hapo, na wengine walikufa baadaye kwa majeraha. Wadachi walijenga mnara pale kuwakumbuka watu wao, nao mtu apitaye Lugalo aweza kuuona.

Habari za Lugalo zilifika Ulaya na kuwatia Wadachi fadhaa kubwa, kwa maana hawakuwa wamepata pigo kama hilo katika nchi hii. Mwaka uliofuata wapiganaji wa Mkwawa walikishambulia kituo chao cha Kondoa, karibu na Kilosa. Kulikuwa na kutumiana wajumbe na maneno ya amani, lakini yaelekea hakuna upande uliomwamini mwenziwe. Mkwawa alitegemea ukuta wake. Hapa twathubutu kusema kwamba ukuta ule, uliokuwa fahari yake, ndio uliomdanganya. Watu wa Lugalo walishinda kwa kuwa walikuwa vichakani wasionekane. Ngome ya mawe huonekana na kila mwenye mzinga.

Mwishoni mwa Oktoba 1894, Gavana Friedrich von Schele alifika Kalenga mwenyewe na jeshi kubwa. Waliipiga ngome kwa mizinga, na tarehe 30 Oktoba askari waliupanda ukuta, wakapigana ndani nyumba kwa nyumba. Wahehe wengi walikufa siku ile. Pembe za ndovu, baruti na ng'ombe vilitwaliwa. Lakini yule waliyemtafuta hawakumpata. Mkwawa alikuwa ametoka, akashika njia ya msituni.

Tokea hapo ilianza miaka karibu 4 ambayo kwa maoni yetu ndiyo sehemu kubwa ya maisha yake, ingawa wasimuliaji wengi huiharakisha ili wafike kwenye kifo. Mtu aliyekuwa na ngome, ng'ombe wasiohesabika na maelfu ya wapiganaji, sasa alilala chini ya miamba na kuhama kila mara. Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince, ambaye wenyeji walimwita Sakarani, alijenga boma jipya juu ya mlima, ndipo mji wa Iringa ulipo sasa. Aliigawanya nchi. Merere wa Wasangu alirudishwa Utengule, na Mpangile, mshindi wa Lugalo, alifanywa mtawala wa Wahehe mahali pa nduguye. Lakini vita vya vichakani havikukoma, na mapema mwaka 1897 Wadachi walimshtaki Mpangile kwamba alimsaidia Mkwawa kwa siri, wakamnyonga.

Wakati huo ziliahidiwa rupia 5,000 kwa atakayekileta kichwa cha Mkwawa. Kwa mtu wa siku zile fedha hiyo ilikuwa kubwa kupita kiasi. Kodi ya nyumba iliyokuja baadaye ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, na wengi walishindwa kuipata. Mashamba yalichomwa, akiba za nafaka zikaharibiwa, watu wakala mizizi. Hata hivyo watu wa vijijini walimpelekea Mtwa chakula msituni na kumpasha habari za askari. Wengi waliuawa kwa sababu hiyo, na wengi walikufa kwa njaa. Fedha ile ilikaa muda wote huo pasipo mwana wa nchi kujitokeza kuidai. Sisi tufundishao watoto habari za Yuda na vile vipande 30 vya fedha hatuna budi kuwaambia jambo hili pia, kwa maana lilitokea hapa, kwa watu ambao majina ya koo zao watoto wale wanayachukua.

Na katika miaka hiyohiyo mapadre na mabruda wa Mtakatifu Benedikto walifika katika nchi hii wakaanza misioni ya Tosamaganga. Walikuwa Wadachi. Walikuja njia ileile waliyopita askari, na lugha waliyozungumza wao kwa wao ilikuwa lugha ya boma. Mkwawa alikuwa bado hai msituni. Tufikiri basi mama wa Kalenga, aliyempoteza mumewe ukutani mwaka 1894, siku alipomwona padre wa kwanza akija na kuongea habari za Mungu apendaye watu wote. Angewezaje kujua kwamba huyu si mwenzake Sakarani? Hakuna hoja iliyoweza kumjibu. Kilichomjibu, kidogo kidogo na kwa miaka mingi, kilikuwa ni mtu mgeni kuketi chini na kujifunza Kihehe, kukosea maneno na kuchekwa na watoto, na kumwuliza mgonjwa amelalaje kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Ndugu zetu makatekista wa kwanza ndio waliokuwa daraja la kazi hiyo, nao hawakuwa na silaha ila lugha ya mama zao. Mtwa na lilinga, maneno ya utawala na ya vita, yalikuwa ya lugha hiyohiyo ambayo kwayo watu walijifunza kusali.

Julai 1898 Mkwawa alikuwa mgonjwa. Waliokuwa naye walikuwa wamekufa au kutawanyika, na walibaki vijana wachache tu. Sajini Meja Merkl na askari wake waliifuata nyayo yao mpaka Mlambalasi, mahali penye mapango ya miamba, magharibi ya Kalenga, wakamkamata kijana mmoja aliyewaambia kwamba Mtwa yu karibu na hawezi kwenda. Tarehe 19 Julai wakasikia mlio wa bunduki. Wakanyemelea, wakaona watu wawili wamelala karibu na moto. Merkl akapiga risasi. Walipofika waligundua kuwa wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Mkwawa alikuwa amemwua mtumishi wake, kisha akajipiga mwenyewe.

Twajua mafundisho ya Kanisa juu ya mtu ajitoaye uhai, nasi tumeyafundisha miaka yote pasipo kuyapunguza. Uhai ni mali ya Mungu. Tena kijana yule aliyeuawa kando ya moto alikuwa na mama kama sisi, na wasimuliaji wasimsahau kwa sababu ya ukubwa wa bwana wake. Lakini Kanisa halijatupa kazi ya kuhukumu roho ya mtu, na mwalimu akiulizwa darasani kama Mtwa yuko motoni, na aseme kwamba hilo halikuwekwa mikononi mwake. Mkwawa hakupata kufundishwa. Injili ilikuwa umbali wa mwendo wa siku chache tu kutoka pangoni mwake, lakini kati yake na Injili walisimama askari wenye bunduki.

Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa bomani kwa Prince ili ijulikane kwamba Mkwawa amekufa kweli, kisha fuvu likapelekwa Udachi. Wahehe waliposhuka toka Ilundamatwe kwa ushindi, hawakudhani kwamba kichwa cha Mtwa wao kingetembea mbali kuliko chochote walichokilundika pale.

Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi. Wadachi waliendelea kutawala mpaka Vita Kuu ya kwanza, na vita hivyo viliwaondoa wao na mapadre Wabenediktini pia. Mwaka 1919 wakaja wamisionari wa Konsolata, Waitalia, wakaishika kazi iliyoachwa. Prefektura ya Iringa iliundwa mwaka 1922, ikawa Vikarieti mwaka 1948, ikawa Jimbo mwaka 1953. Hayo wenzetu wameyaeleza vizuri kuliko sisi katika kurasa nyingine za kitabu hiki.

Sisi turudi kwenye fuvu. Mwaka uleule wa 1919 mataifa yalipoandika mkataba wa amani huko Versailles, waliweka ndani yake fungu la 246, kwamba Udachi ulipe fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Waingereza katika muda wa miezi 6. Fungu hilohilo laagiza pia Kurani ya kale ya Khalifa Uthmani irudishwe kwa mfalme wa Hejazi. Ni jambo la kushangaza kwamba wakubwa wa dunia, wakigawanya nchi na bahari, walisimama kidogo kwa ajili ya mfupa wa mtu wa Kalenga. Lakini Wadachi walijibu kwamba hawanalo, na shauri likalala zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe Bremen, kwenye nyumba ya makumbusho. Palikuwa na mafuvu kama 2,000, na kati yake 84 yalitoka katika nchi yetu. Wakayapima na kulinganisha vipimo na vya jamaa wa Mkwawa walio hai, wakachagua moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo likaletwa Kalenga, mbele ya umati wa watu, likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1999.

Wako wataalamu wanaoshuku kama lile fuvu ni lake kweli, kwa kuwa vipimo vya namna ile havitoshi kumtambua mtu mmoja kati ya wengi. Lakini kama si lake, basi ni la mtu mwingine wa nchi hii aliyechukuliwa bila kuulizwa, na kuna mengine 83 yaliyobaki kabatini siku ile, ambayo hakuna mkataba uliowataja wenyewe. Katika mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, yafaa nao wakumbukwe, ingawa majina yao hatunayo.

Fuvu limewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Kalenga, nyuma ya kioo, na mabaki machache ya ukuta wa Lipuli yaonekana bado kijijini. Kaburi liko Mlambalasi. Kati ya kichwa na kiwiliwili pana mwendo wa siku nzima na zaidi kwa miguu, katika nchi kavu ya mibuyu na miamba, njia ambayo wanawake wa Kalenga waliipita usiku wakiwa na vikapu vya chakula vichwani.